Barua ya Mkuu wa Shule kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Kilolo, Iringa.
Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA, IGIZO LA WANAFUNZI, UTORO NA CHAKULA

Kamwene.

Tunafunga shule Ijumaa hii. Ripoti ya mwanao imeambatanishwa. Isome naye mkiwa mmekaa, usimwachie akaifiche chini ya godoro. Kiswahili, Uraia na Jiografia tumepanda. Hisabati bado inatuumiza. Tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti. Kidato cha Pili na cha Nne watabaki kambini wiki mbili. Baridi imeingia, lakini sweta ni lile lile la shule, makoti ya rangirangi hayaruhusiwi.

Sasa nizungumze juu ya igizo, maana tangu Siku ya Wazazi simu yangu haijapumzika.

Miaka yote klabu yetu ya maigizo imecheza Mkwawa na vita vya Lugalo vya Agosti 1891. Tunaujua mchezo ule, tunaupenda, na akina mama hupiga vigelegele Wahehe wanapowashinda Wajerumani. Mwaka huu mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Uraia waliwaambia watoto wasianze na kitabu wala na mchezo wa mwaka jana. Waliwapa vipande vya karatasi, visiandikwe majina, kila mmoja aandike jambo ambalo watu wazima nyumbani kwao hulizungumza usiku kwa sauti ya chini. Karatasi zikatiwa kwenye boksi la chaki. Zilipofunguliwa, nyingi zilisema jambo moja: ardhi. Shamba la babu limeuzwa na hakuna anayesema nani aliuza. Miti ya paini imepandwa mpaka karibu na mlango wa jiko. Mama ametolewa shambani baada ya baba kufariki. Hakuna mwalimu aliyewatajia watoto neno hilo, lilitoka kwenu, wazazi, usiku, mkidhani wamelala.

Hawakuandika mchezo kwanza. Walikwenda kwa mabibi na mababu zao na madaftari, wakauliza nani alilima wapi, nani alitia sahihi. Kila Alhamisi baada ya vipindi walisimama bwaloni wakajaribu: wewe mwenyekiti, wewe mtendaji, wewe mjane, haya, semeni. Walikosea, wakabishana, wakaanza upya. Kuna siku walikwama kabisa, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kugawa ardhi apendavyo, kwa hiyo hakukuwa na kisa. Mwalimu wa Uraia akaleta Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, wakaisoma wenyewe. Wakakuta kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani bila ninyi, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Wakakuta kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu mbele ya sheria. Wakakuta kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba na angalau watatu lazima wawe wanawake. Wasichana waliirudia hiyo ya tatu mara kadhaa, wakahesabu majina ya baraza wanalolijua, kisha wakanyamaza.

Baada ya kusoma hayo, swali likageuka. Kama mkutano ndio wenye kibali, ardhi iliondokaje? Binti wa Kidato cha Pili akabuni jibu ambalo limeniweka macho usiku. Narudia kwa wote walionipigia simu: alibuni. Akasema majina yalichukuliwa kwenye daftari la rambirambi.

Kwa wasiofika, kisa chenyewe ni hiki. Mzee amefariki. Watu wanakuja msibani, wanaandika majina yao na walichotoa, wanatia sahihi, wasiojua kusoma wanaweka dole gumba. Matanga yakiisha, kurasa zile zinachanwa na kubandikwa nyuma ya muhtasari wa mkutano ambao haukuwahi kukaa: waliohudhuria na kuridhia mgawo wa ekari mia mbili. Na kwa kuwa jina la marehemu liliandikwa juu kabisa ya ukurasa, ndiye anayeonekana kuwa mhudhuriaji namba moja. Mjane anaonyeshwa dole lake mwenyewe. Anasema: "Siku hiyo sikuwa mkutanoni. Nilikuwa nimekaa chini namlilia mume wangu."

Hapo mchezo unasimama. Mwanafunzi mmoja anajitokeza mbele na kuuliza watazamaji: ninyi mngefanya nini? Anayetaka anapanda, anachukua nafasi ya mjane, wachezaji wengine wanaendelea naye bila maneno waliyokariri. Kuna mzazi aliyeniandikia kwamba mtindo huu ni uchochezi ulioletwa na watu wa nje. Ni kweli Augusto Boal wa Brazili aliufanya ujulikane duniani, naye alitaka mtazamaji asikae kama gunia. Lakini hapa kwetu walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walianza miaka ya 1980 kukaa na wanavijiji, kama kule Malya, Mwanza, ili watu waigize matatizo yao na kuyajadili kwa ngoma na michezo yao wenyewe. Mwaka 1996 ikaanza programu ya Tuseme ili wasichana wa sekondari waseme yanayowasibu kwa njia ya sanaa. Watoto wenu wamefuata njia iliyokwisha kulimwa na walimu wa nchi hii.

Waliokuwepo mliona yaliyotokea. Bibi mmoja aliinuka kwenye viti vya nyuma, akajifunga khanga vizuri, akapanda. Tulidhani atalia au atagomba. Hakudai shamba. Alimgeukia kijana aliyecheza mtendaji, akamwambia: "Mwanangu, nisomee majina yote, moja moja, kwa sauti." Kijana hakuwa na maneno ya kujibu hilo, hayakuwahi kuandikwa. Akaanza kusoma. Na ninyi, mkiwa mmekaa kwenye viti vyenu, mkaanza kuitika: "Sikuwepo!" "Sikuwepo!" Karatasi ilikuwa inatetemeka mkononi mwake. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuona somo la Uraia likieleweka namna ile. Mgeni mmoja aliondoka wakati huo. Ilikuwa haki yake kuondoka.

Jambo la kujivunia zaidi lilitokea Jumatatu yake, nanyi hamkuliona. Walikaa kwenye duara, kila mmoja na daftari lake, wakaandika nini kilifaulu na nini kilianguka. Mwalimu aliwakataza kuandika "watu walifurahi". Waandike watu walifurahia nini. Hapo ukweli ukatoka. Mwenyekiti wao alikuwa amefungwa mto tumboni, anatembea kama bata, na watu walicheka mpaka machozi. Mwanafunzi mmoja akaandika: "Tumewachekesha, wakaondoka wameridhika, na mjane tumemsahau." Walibishana vikali, maana aliyecheza mwenyekiti ndiye aliyepigiwa makofi mengi kuliko wote. Mwishowe yeye mwenyewe akautoa mto. Walipocheza mara ya pili kwenye uwanja wa kijiji cha jirani, mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, wa kwanza kufika msibani na wa kwanza kubeba jeneza. Hakuna aliyecheka. Watu waliinamiana na kunong'ona.

Wakaandika pia kwamba wavulana ndio waliosema zaidi katika mchezo unaohusu haki ya mwanamke, na kwamba mjane alikuwa na maneno machache kuliko mtendaji. Wakalirekebisha. Mtu mzima akiambiwa kosa la namna hiyo hukasirika wiki nzima. Hawa walichukua kalamu. Na jambo jingine: wapo wanafunzi ambao darasani, masomo yakiwa kwa Kiingereza, huwezi kuwatoa sentensi mbili. Kwa Kiswahili, na Kihehe kidogo pale bibi anapomwombea marehemu, walijenga hoja, wakaitetea, wakamjibu aliyewapinga bila kumtukana.

Mmesema shule imeingiza siasa. Siasa za vyama haziruhusiwi shuleni na hazitaingia nikiwa hapa. Katika igizo hakukuwa na bendera, rangi, salamu wala jina la chama chochote, na hakuna kiongozi wa kweli aliyetajwa. Lakini namna kijiji kinavyoongozwa, nani anaitisha mkutano, nani anasoma mapato na matumizi, hayo yamo katika somo la Uraia na yanaulizwa kwenye mtihani. Siwezi kumfundisha mtoto ajibu mtihanini kisha nimkataze kuuliza akivuka geti. Miaka michache ijayo hawa ndio wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Igizo sitalifuta. Mwenye hoja asinipigie saa tano usiku. Aje akae na wanakikundi wenyewe, watamsikiliza.

Sasa yale yaliyonikera.

Jioni ya onyesho la pili, wavulana wanne wa Kidato cha Tatu hawakurudi na wenzao. Walikwenda kilabu cha ulanzi wakiwa wamevaa mavazi ya igizo, koti la mwenyekiti na khanga ya mjane, wakacheza vipande vya mchezo kwa kununuliwa vikombe. Mmoja alijifunga ile khanga akamwigiza mjane kwa matusi ya mwili ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya shule. Kazi ambayo wenzao waliifanya kwa heshima, kwa maneno waliyopewa na mabibi wa watu, waliigeuza mzaha wa walevi. Baadhi ya mabibi hao walisikia kabla ya kupambazuka. Niliwapeleka vijana hao, pamoja na mwalimu wa nidhamu, nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wamesimamishwa klabu mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna barua ya mzazi itakayofupisha adhabu hiyo.

Lakini watoto hawakujinunulia. Walinunuliwa na watu wazima, na baadhi yao wana watoto katika shule hii. Mlimwona mwanafunzi wa sekondari, mnamjua kwa jina, mnamjua baba yake, mkamjazia kikombe ili awachekeshe. Niliita wazazi wanne, wakaja wawili. Mmoja wa wasiokuja alituma ujumbe kwamba "ni utoto tu, mwalimu anakuza mambo". Mzazi huyo hatapokea ripoti ya mwanawe wala hatampeleka darasani muhula ujao mpaka amefika ofisini kwangu yeye mwenyewe, si mjomba, si kaka mkubwa.

Utoro. Siku za kuvuna viazi na siku za mnada madarasa yanabaki na madawati. Hilo nimelisema kila muhula na nitaendelea. Lakini safari hii kuna jambo zito zaidi. Binti wa kwanza kucheza mjane, aliyeyabuni yale maneno ya "namlilia mume wangu", hayupo shuleni. Kabla ya Siku ya Wazazi alipandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Mwenzake alijifunza nafasi yake kwa haraka akaicheza vizuri, nanyi mkapiga makofi bila kujua. Familia inajijua na barua hii inaisoma. Mtoto huyo ana akili, ana sauti, ana haki ya kumaliza Kidato cha Nne, na anayempeleka kuosha vyombo vya watu anavunja sheria. Jina lake bado liko kwenye rejista. Mtendaji wa kata amekwisha kupata taarifa yangu ya maandishi. Namtaka kwenye dawati lake siku ya kufungua. Kama shida ni nauli ya kumrudisha, mniambie, tutaitafuta.

Mwisho ni chakula. Serikali iliondoa ada kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne kuanzia Januari 2016. Uji na makande ya mchana havikuwamo, na ndiyo maana mlikaa mkutano mkakubaliana wenyewe: madebe mawili ya mahindi na sado mbili za maharage kwa kila mwanafunzi. Mkutano ule ulikaa kweli. Majina yenu ninayo, sahihi zenu ninazo, na hakuna aliyewachukulia msibani. Karibu nusu yenu hamjaleta hata sado moja. Watoto wa waliolipa wanagawana sufuria na watoto wa wasiolipa, kwa sababu sitamfukuza mtoto kwenye foleni ya chakula kwa kosa la mzazi wake. Mwezi Mei mlisema mahindi bado mabichi, nikavumilia. Sasa yameshavunwa, nayaona yakipita barabarani juu ya malori. Asiye na mahindi kabisa, mjane, mgonjwa, bibi anayelea wajukuu, aje tuzungumze faragha, hatasumbuliwa. Wengine nitasoma majina yenu kwenye mkutano wa wazazi wa Julai, moja moja, kwa sauti.

Igizo litachezwa tena siku hiyohiyo baada ya mkutano, likiwa na sehemu mpya ambayo wanafunzi wanaiandaa likizo hii. Wameomba yeyote mwenye daftari la zamani la mikutano ya kitongoji awaazime.

Mahindi na maharage vinapokelewa stoo Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, likizo nzima. Dai stakabadhi.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule