Wanangu mnaoandika mashairi ya mapenzi, mwanamke sio malisho

Wanangu hamjambo. Nimefundisha fasihi mpaka mvi zimenijaa, na mashairi yenu nayasoma kila siku kwenye simu, matamu kwa kweli, ila kuna kitu kinanikaa rohoni: mwanamke humo ni ua, ni tunda, ni mto, ni bustani, na hakuna hata mmoja anayesema neno.

Msidhani mmeanza nyie. Ulaya ya miaka ya 1500 na 1600 washairi wa mjini walipenda sana kujifanya wachunga kondoo kwenye mashairi yao. Marlowe wa Uingereza, kwenye shairi lake lililochapwa 1599 na 1600, mchungaji anamuahidi binti kitanda cha mawaridi, gauni la sufu, viatu vya bizimu za dhahabu, ahadi juu ya ahadi. Binti kimya.

Sasa hebu someni Don Quixote, riwaya ya Mhispania Cervantes, 1605, pale kwa Marcela. Binti yatima mwenye mali zake, kakataa kuolewa, kaenda kuchunga mbuzi na mabinti wenzake wa kijijini, na wanaume wakamfuata huko huko nao wamevaa kichungaji, mpaka kuna mahali pana miti mirefu karibu dazeni mbili na hakuna hata mmoja ambao gome lake halijachongwa jina la Marcela. Hapo ndo pananiuma jamani. Jina liko kila mti, mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Mmoja wao, Grisóstomo, akafa kwa mapenzi, lawama zote kwa binti, halafu siku ya mazishi wanamzika chini ya mwamba mara Marcela huyo juu ya mwamba wenyewe, anawaambia kazaliwa huru na kachagua upweke wa porini ili aishi huru, yeye hakumpa marehemu matumaini yoyote, na kupendwa hakumlazimishi mtu kupenda. Akageuka akaingia msituni, jibu lao wala hakulingoja.

Kwa hiyo ukimuandika mwanamke muachie huo mwamba apande, aseme, hata kama atakachosema kitakukata maini.

Na nyie mabinti zangu mtafuteni Aemilia Lanyer, mshairi mwanamke wa Uingereza, 1611, shairi la kuiaga nyumba ya Cookham alipokaa na bibi mwenye cheo Margaret Clifford na bintiye Anne. Hakuna mwanaume anayebembeleza humo. Kuna mwaloni ambao chini yake walikuwa wakisoma vitabu, siku ya kuondoka Margaret anaubusu, halafu Lanyer naye anausogelea mti ule ule, analichukua lile busu kwenye gome, na haurudishii.