Historia ya klabu ndogo za Dar es Salaam isipotee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji kwamba soka la Dar es Salaam halikuanzia wala kuishia kwa Simba na Yanga. Mwaka 1967, baada ya Sunderland, ambayo sasa ndiyo Simba, kutwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, kombe lilichukuliwa na Cosmopolitan ya jijini humuhumu. Mwaka 1982 likaenda kwa Pan African, klabu iliyozaliwa kutokana na mgogoro wa wanachama wa Yanga katika miaka ya 1970. Vijana ninaowasimulia habari hizi hudhani ninatania.

Kama mabingwa wa taifa wanasahaulika hivi, vipi timu za mitaani zisizowahi kufika ligi yoyote? Kumbukumbu zao, yaani daftari za michango, picha za vikosi na kadi za uanachama, zimo katika masanduku ya wazee, nazo mchwa hawangoji. Ninaomba chama cha soka cha mkoa, pamoja na gazeti lako, vizikusanye wazee hao wakiwa bado hai.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam