Dalali sio mtu wako, ila usimkimbie

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nami niseme la kwangu kuhusu madalali, maana sa hivi kila kijana aliyevunja kikoba au kupata mkopo wa kazini anataka kiwanja Madale, Goba, Kigamboni au huko Kibaha ajenge vyumba vya kupangisha, na mambo yakienda kombo lawama zote kwa dalali. Mi nanunua na kuuza vijinyumba vya uswahilini, sio mtu mkubwa, ila nashinda na hawa jamaa, na naona wengi wanaoanza wanaliwa kwa sababu moja tu, wanadhani dalali ni mtu wao.

Sio wako kaka. Hata wa muuzaji sio sana. Dalali anakula siku biashara ikiisha, isipoisha kala hasara ya nauli na vocha, kwa hiyo atakuvuta iishe, na iishe kwa bei ya juu. Wala sio roho mbaya, ndio kazi ilivyo.

Chukua hii ya cha juu. Mwenye kiwanja anataka milioni 18, anamwambia dalali mi nipe 18 yangu kinachozidi chako, basi hapo hapo kiwanja kishakuwa cha 25. Wewe unapelekwa, na njiani unapigwa semina, bosi ukifika usiongee bei na mzee, mzee mkali yule utaniharibia. Unafika unamkuta mzee wa watu kakaa zake barazani, mpole, anakuulizia habari za kwenu na maji ya kunywa anakuletea, sema tu hajui kama leo anauza 25. Na hapo ni dalali mmoja. Yule uliyeona tangazo lake mtandaoni, lile la dakika tano kutoka lami bei inazungumzika, mara nyingi kiwanja chenyewe hajawahi kukikanyaga, picha katumiwa na mwenzake wa kule site ambaye naye kapewa na wa tatu, siku ya kusaini wote wako nje wanasubiri na kila mmoja ana fungu lake ndani ya bei yako.

Sasa dawa yake sio kugombana nao. Mi kabla sijapanda bodaboda naongea kabisa, sikiliza ndugu yangu, wewe nakulipa mimi, kiasi fulani kamili, tunaandikishana, na unapokea siku nasaini kwa wakili, ila bei naisikia kwenye mdomo wa mwenye mali mwenyewe. Nasema kiasi kamili sio asilimia, kwa sababu asilimia inanenepa bei ikinenepa, sasa nani ataishusha? Na namwambia ukimshusha mzee chini ya hapa nakuongeza. Wengine wanasusa hapo hapo wanaondoka, waache waende. Anayebaki utashangaa anavyobadilika, sasa anambembeleza mzee kwa niaba yako. Na bajeti yako usiitaje hata akikuuliza kwa upole, ukisema una 30 basi Dar nzima utakuta hakuna kitu cha 22.

Kwenye nyumba yenye wapangaji ndio pa kuwa macho zaidi, maana pale unanunua ile kodi ya kila mwezi. Dalali atakwambia vyumba sita, kila kimoja laki, hesabu unapiga kichwani unaona hela yako inarudi haraka. Rudi siku nyingine peke yako, mkute dada anafua uani, msalimie, muulize vyumba hapa vinaendaje. Atakwambia analipa sabini, kile cha kona kitupu toka Ramadhani, choo kinajaa kila mara na luku ni moja wanagombania. Hayo kwenye picha huyaoni.

Ila haki yao tuwape pia. Dalali mzawa wa mtaa anajua vitu ambavyo hakuna karatasi itakwambia, anajua masika maji yanapita wapi, nyumba ipi ndugu wanaburuzana mahakamani, nani anauza kwa shida ya ada na nani anajaribu soko tu. Ukiwa naye vizuri anakutonya mapema, mi viwanja vizuri nimevipata hivyo, kabla havijafika mtandaoni.

Karatasi lakini usimwachie yeye. Kama eneo limepimwa na lina hati, nenda kafanye sachi kwa msajili wa hati uone jina la nani liko pale na kama benki haijalishikilia kwa mkopo. Kama ni mali ya marehemu mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa anayejisemea tu. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi aridhie, kwa hiyo mama asaini, sio kuambiwa mama yuko safarini. Kodi ya TRA ya ongezeko la mtaji, ile ya faida ya kuuza mali, ni ya muuzaji kisheria, ila bila kulipwa umiliki hauhamishwi, kwa hiyo muandikishane mapema nani anabeba. Na kishika uchumba, ile hela ya awali ya kushikilia kiwanja, usitume kwenye simu ya dalali hata akikuapia kwamba kuna mteja mwingine kesho asubuhi anakuja na keshi, huyo mteja wa kesho asubuhi yupo kwenye kila kiwanja hapa mjini. Hela iende akaunti ya mwenye mali, na maandishi yawepo.

Wenzetu Kenya wana sheria ya maajenti wa nyumba na ardhi, Sura 533, na bodi ya kuwasajili, matapeli wapo hata huko lakini angalau kuna mlango wa kupeleka malalamiko. Hapa kwetu mtu ukiwa na simu na pikipiki ushakuwa dalali, Wizara ya Ardhi ingelitazama hilo.

Na wewe Mhariri una lako pia. Kwenye kurasa zenu za matangazo madogo viwanja vinajaa, mngemtaka kila anayetangaza aandike yeye ni mwenye mali au dalali, na kama kimepimwa aweke namba ya kiwanja na kitalu ili msomaji aanzie sachi kabla hajalipa hata nauli. Hilo halisubiri Bunge, hata toleo la wiki ijayo linawezekana.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam