Malalamiko: mlipiga dawa miti yetu, ugonjwa wa kanka ukazidi, tunataka pesa zetu

Kwako meneja,

Habari ya kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa ile estate ya huku Limuru mliyokuja kutibu miti. Nimepiga simu mpaka nimechoka, kila mara naambiwa meneja yuko fildi atanipigia, sasa naandika ili kuwe na maandishi.

Tuliwaita kwa sababu fensi ya saiprasi kuanzia geti mpaka tanki la maji ilikuwa inakauka tawi moja moja, leo hili kesho lile, na kwenye mashina gamba limedidimia na kupasuka, utomvu unachuruzika. Fundi wenu aliangalia akiwa bado ndani ya pikap, akasema hiyo ni afidi tu boss, tunapiga dawa inaisha. Afidi wa saiprasi, wale wadudu wadogo wa kufyonza, tunawajua, waliingia Kenya mwaka 1990 na fensi za watu zikaungua kama zimepitiwa na moto, lakini afidi wakiwepo unawaona kwenye vijiti na wanaacha maji ya kunata yanayogeuka masizi meusi. Kwetu hakuna masizi hata kidogo. Angeshuka tu akakwangua gamba kwa kisu pale tawi kavu linapokutana na zima angeona ndani ni kahawia imeoza, na mbele kidogo ni kubichi kabisa. Hiyo ni kanka, kuvu inayoingia kwenye kidonda cha mti na kula chini ya gamba mpaka ilizunguke tawi. Na sio ugonjwa mgeni huku, makrokapa ndiyo ilikuwa saiprasi ya milima yetu zamani mpaka kanka ikaimaliza na idara ya misitu ikahamia saiprasi aina nyingine, lusitanika, yaani kampuni inayojiita ya miti na inafanya kazi Limuru ingefaa kuwa inajua hilo kabla ya kuandika kotesheni.

Baada ya wiki chache dawa haijafanya kitu, mkarudi mkasema sawa, basi ni ukungu, tunapiga dawa ya ukungu, na mkatuchaji tena. Pakiti tuliziokota nyuma ya stoo, ni mankozebu, imeandikwa nyanya na viazi!! Mankozebu inakaa juu ya jani pale ilipoangukia, haiingii kwenye gamba ambako kuvu yenyewe iko. Kanka ikishashika hakuna dawa ya kunyunyiza ya kuitoa, inakatwa, na mlituuzia raundi tatu kwenye invoisi moja.

Lakini kilichotuudhi zaidi ni huko kukata. Mlileta vijana Aprili katikati ya mvua, wakati mbegu za kuvu zinasambazwa na matone ya maji, wakatumia panga na pawa so ileile kutoka mti mgonjwa kwenda mzima bila kuifuta hata na kitambaa. Mlinzi wetu aliwauliza kama hamna spiriti ya kupangusia, au hata jiki, kipimo kimoja kwa maji tisa, wakamcheka. Halafu mtarakwa wetu, mti wa asili uliokuwepo kabla hata estate haijajengwa na haukuwa na shida yoyote, wakaukata matawi ya chini eti shepu, na sasa kila mkato unalia utomvu. Nani aliwatuma kwenye mtarakwa? Haumo kwenye kontrakti.

Mikato yenyewe mingine imeingia mpaka kwenye shina, mingine imeachwa kigingi cha urefu wa mkono, yote ikapakwa ile rangi nyeusi ya lami. Nimeibandua moja kwa ukucha, chini kuna majimaji ya kahawia yananuka. Mti unajifunga wenyewe ukikatwa vizuri pale tawi linapovimba kutoka kwenye shina, hiyo lami inafungia unyevu tu. Na matawi ya ugonjwa mkayalundika chini ya fensi hiyohiyo, mpaka leo yako hapo, na kuvu haifi kwa sababu tawi limekauka, inaendelea kutoa mbegu.

Ile mikima (grevilia) ya parking nayo imeanza kufa kuanzia juu. Hiyo sehemu kubwa ni kiu, developer aliweka kabro, yale matofali ya kutandika chini, mpaka kwenye shina, na mkima ukikosa maji kuvu zilizokuwa zimelala ndani yake zinaamka. Kabro sio kosa lenu. Ila mlipita hapo mara ngapi, na hakuna hata mmoja wenu aliyesema fungueni hiyo kabro mti upate maji, mlichosema ni mtapiga dawa na hiyo pia.

Sasa tunachotaka. Pesa za dawa zote mbili zirudi, na balansi ya kazi ya kukata hatulipi mpaka irudiwe. Mje Januari au Februari kukiwa kukavu, vifaa vikiwa visafi na visafishwe kila mti, mkate sentimita 15 hivi chini ya pale gamba lilipooza, kwenye sehemu isiyo na ugonjwa. Saiprasi ambazo kanka imeshazunguka shina haziponi, ng'oeni na mlete miche ya aina tofauti tofauti, sio saiprasi tena mstari mzima. Matawi yaondolewe wiki hii, hilo halingoji Januari. Na kabla ya kugusa mtarakwa tena mpeleke kipande cha gamba KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, pale Muguga, ni karibu sana na hapa, mtuletee majibu yao kwa karatasi.

Nijibuni kwa barua au imeili, sio simu. Picha zote ninazo, na pakiti za mankozebu nimeziweka.

Katibu,
Kamati ya wakazi