Kabla hujatoa zebaki kwenye meno, uliza wanaitoaje

Mhariri,

Naomba nafasi niseme la kwangu kuhusu hii habari ya kutoa zebaki kwenye meno maana naona imeshakuwa fasheni, kila kikundi cha WhatsApp nilichomo kuna mtu katuma ile video ya jino linafuka moshi, chini wameandika "una sumu mdomoni na hujui". Na mi niliisambaza, sikatai. Nilikuwa na magego manne yaliyozibwa kwa ile dawa nyeusi yenye zebaki, wenyewe wanaiita amalgamu, tangu niko sekondari, na mwaka juzi nikawa nachoka kuliko kawaida, kichwa kizito, nywele zinabaki kwenye kitana, nikipanda ngazi kidogo tu moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa. Nikajumlisha mwenyewe nikapata jibu, zebaki.

Hapa Mwanza kuna kliniki, jina siitaji, walikuwa wanatangaza kabisa kwamba wanatoa zebaki wanakuwekea ya rangi ya jino, na ukitoa yote kuna punguzo. Nikaenda. Nikachomwa ganzi, nikaambiwa panua, mashine ikaanza kulia. Hamna mpira wa kukinga koo, hamna chochote puani, dirisha limefungwa kwa sababu ya AC, na yule kijana aliyeshika kale kamrija ka kunyonya mate macho yake yako kwenye simu. Daktari anasaga ile amalgamu kama anasaga karanga, chenga zinaniangukia ulimini, ye kavaa barakoa na miwani na mi niko pale mdomo wazi navuta hewa ileile. Akaniambia tema. Nikatema mate ya kijivu kama maji yaliyooshea sufuria la mkaa, na pale kwenye sinki kuna vichembe vinang'aa, nesi akafungua maji vikaenda zake. Mawili yakatolewa siku hiyo, mawili nikapangiwa wiki inayofuata.

Sasa mi nimekulia Geita, zebaki sikuisoma kwenye simu. Baba mdogo alikuwa mchimbaji mdogo, nimeona kwa macho inavyokamata dhahabu kwenye karai, wanaikamua kwenye kitambaa, wanakichoma kile kidonge kwenye mkaa, weupe unaisha hewani unabaki unjano. Bibi alikuwa anatufukuza pale, nendeni huko upepo unakotokea! Shule hakwenda lakini alijua kitu ambacho kwenye ile kliniki hakikuwasumbua kabisa, kwamba zebaki ya namna hii ubaya wake ni mvuke, na mvuke wenyewe haunuki na kwa macho huuoni. Kipande cha amalgamu ukikimeza kwa sehemu kubwa kitapita na choo, ila mvuke wake ukiuvuta, karibu asilimia 80 inabaki mwilini. Na hakuna siku filingi ya zebaki inatoa mvuke mwingi kama siku inaposagwa kwa mashine. Kwahiyo mtu aliyekaa nayo salama miaka 25 anaenda kujiongezea dozi kwa hela yake.

Ikawa wiki nzima mdomo una ladha kama nimeficha sarafu. Hiyo ikaisha. Kilichobaki ni gego moja la chini, nikinywa chai ya moto linaruka mpaka sikioni, maana ukichimba filingi lazima utakwangua na sehemu ya jino isiyo na ubovu iliyo pembeni yake, langu likakwanguliwa likafika karibu na mshipa. Nikaenda hospitali ya serikali, yule daktari wa meno (mama mmoja mkali kidogo) akauliza, nani alikwambia haya yalikuwa mabovu? Nikasema hakuna, nilitoa sababu ya zebaki. Akanyamaza. Akanisaidia lile gego, tukamalizana kwa kuua mzizi, alafu akaniangalia macho akanivuta kope chini akasema wewe mama nenda kapime damu leo leo. Damu ilikuwa 7, kidogo mno. Uvimbe kwenye kizazi, kila mwezi namwaga damu nadhani ndo maumbile yangu. Nilipotibiwa huko uchovu ukaondoka na nywele zikarudi, magego mawili ya zebaki bado yakiwa mdomoni.

Sisemi amalgamu ni maziwa. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati na shaba, na inatoa mvuke kidogo kidogo unapotafuna, unapokunywa cha moto, na kwa wale wanaosaga meno usiku ndo zaidi. Ila kidogo ni kidogo. Mwaka 2006 zilitoka tafiti mbili, moja Marekani nyingine Lisbon, Ureno, watoto zaidi ya elfu moja kwa jumla, wengine waliwekewa amalgamu wengine ya rangi ya jino, wakafuatiliwa miaka. Waliowekewa amalgamu zebaki kwenye mkojo ilikuwa juu kidogo, akili, kumbukumbu na neva hawakuona tofauti. Na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 2020 ikasema wajawazito, wanaonyonyesha, wanaopanga kubeba mimba, watoto, wenye shida ya figo au ya neva na wenye aleji ya zebaki ni bora wasiwekewe, ila palepale ikasema kama filingi ni nzima usiitoe bila sababu ya kitabibu. Kwenye zile klipu nusu ya kwanza ndo inasomwa, ya pili inakatwa.

Kuna watakaonijibu mbona Ulaya wamepiga marufuku. Ni kweli, Umoja wa Ulaya tangu Januari 1, 2025 daktari haruhusiwi kuiweka, isipokuwa mgonjwa akiwa na sababu maalum, Norwe na Sweden waliacha zamani. Lakini hawakuwaita watu waje wang'olewe zile za zamani! Kilichowasukuma zaidi ni mazingira, zebaki ya kwenye sinki za madaktari inafika kwenye maji, inageuzwa na vijidudu, inaingia kwenye samaki, na hiyo ya kwenye samaki ndo ile iliyowamaliza watu wa Minamata kule Japani. Ndo maana mkataba wa dunia wa zebaki wakaupa jina la mji huo, na sisi Tanzania tumo tangu 2020. Mkataba huo ulishasema watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekewe amalgamu, na Novemba 2025 wakakubaliana ifikapo 2034 iwe imeachwa kabisa. Sawa, na mi mwanangu nimeshakataa asiwekewe. Kutowekewa ni jambo moja na kuchokonoa iliyopo ni jambo jingine.

(Alafu unakuta anayelia zaidi na zebaki ya jino kapaka mkorogo usoni, na mikorogo mingine ina zebaki humohumo, anaipaka asubuhi na jioni. Hayo tuyaache leo.)

Sababu ya kuitoa zipo. Imevunjika, imepasuka, jino limeoza chini yake, au shavu limeota mabaka meupe palepale inapogusa, hayo mara nyingi yanapona ikitolewa. Ila yule mama mkali aliniambia inatolewaje. Jino linavalishwa mpira mwembamba libaki lenyewe nje, maji yanamwagika muda wote isipate moto, inakatwa vipande vikubwa vitoke vizima, haisagwi, mrija mkubwa wa kunyonya uko jirani, dirisha wazi. Hata hivyo zebaki kwenye damu inapanda siku kadhaa ndo ishuke, nusu yake inachukua kama miezi miwili hivi kutoka. Vitu vya kawaida tu, havihitaji kliniki ya ghorofa. Ombi langu ni wanaosimamia kliniki wawaulize hawa wanaotangaza kama wanavyo, na kama hawana tangazo lishushwe.

Wiki ile ya kutoa yaliyobaki sikwenda kutoa, nilikwenda kuuliza sinki yao inamwaga wapi. Dada wa mapokezi akasema swali hilo hajawahi kuulizwa, akaita fundi, fundi akanionyesha bomba linashuka nyuma ya jengo linaingia kwenye mtaro. Mitaro ya kule inaelekea Mto Mirongo na Mirongo inaingia ziwani. Jioni hiyo nilikuwa nimeshanunua sato.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa Nyakato, Mwanza