Kijana mgeni apewe kazi, si kiti tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu vijana wanaohamia mahali papya. Nimekuwa mlezi wa kikundi cha vijana kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona mara nyingi ni letu sisi wenyeji: tunamkaribisha kijana kwa maneno matamu, tunampa kiti, kisha tunamsahau pale pale kitini.

Binti mmoja wa miaka 16 alikaa karibu na mlango mikutano sita mfululizo. Akisalimiwa huitikia, basi. Siku moja katibu hakufika, nikamkabidhi binti yule daftari la mahudhurio na kalamu. Ikambidi amwendee kila mmoja, amuulize jina, amuulize linaandikwaje. Alipokosea herufi walimrekebisha, wakacheka naye. Hadi tunafunga mkutano alikuwa anayajua majina yetu wote, nasi tunalijua lake. Hotuba zangu zote za kumkaribisha hazikuwa zimefika hapo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hiyo kumsimanga mgeni. Mimi naisikia kama heshima, maana anayeshikishwa jembe amehesabiwa miongoni mwa wenye shamba.

Kwako kijana, chagua mahali pamoja: timu ya mpira, kwaya, maktaba, skauti, au vijana wa Msalaba Mwekundu, ambako unaweza pia kujifunza huduma ya kwanza. Nenda siku ile ile kila wiki hadi uzoeleke. Usingoje lugha inyooke kwanza; kupanga viti hakuhitaji sarufi, na maneno utayaokota humo humo kazini. Omba jukumu lako mwenyewe, hata dogo, ambalo usipofika watu watakuulizia.

Ila yapo ambayo kijana hawezi kuyatatua peke yake. Fomu ya kujiunga inadai mdhamini, naye hajafahamiana na mtu. Mkutano unapangwa jioni, saa anazobaki na wadogo zake. Wengine ndio wakalimani wa wazazi wao hospitalini na maofisini. Kabla ya kusema hajali, tumuulize ana nafasi lini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na ibara ya 2 inakataza abaguliwe kwa sababu ya asili yake. Hakuna mahali unaposema lazima awe mzaliwa wa hapo.

Wazazi nao waendewe mapema, waambiwe mkutano unaisha saa ngapi na nani atamsindikiza kijana kurudi nyumbani. Mama aliyehamia juzi hawezi kumwachia mwanawe kwa watu ambao hata majina yao hayajui.

Mlezi wa vijana