YAH: MALALAMIKO KUHUSU WIZI WA FEDHA ZA MAMA YANGU NA ALIVYODHALILISHWA DUKANI KWENU MBEYA MJINI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilichelewa kuandika ili hasira ipoe. Haijapoa, ila nitajitahidi kulinda heshima.

Mama yangu, mwenye miaka 74, alitoka Tukuyu na kosta ya alfajiri kuja dukani kwenu kuripoti kwamba tapeli amemwibia hela kwenye laini yake ya simu, na RB ya polisi (hati ya kuripoti tukio) mkononi. Mhudumu wenu akamwuliza, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: “Bibi, namba ya siri uliyowapa ni ipi?” Mama akaitaja. Foleni nzima ikasikia. Mhudumu akamtazama mwenzake, wakacheka, kisha akasema: “Umewapa mwenyewe, sasa sisi tufanyeje? Simu mwachie mjukuu.” Mimi nilikuwa ng’ambo ya barabara natoa kopi ya ile RB. Niliporudi nilimkuta amesimama karibu na mlango, kitambulisho chake cha NIDA bado kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hakuna aliyemwomba akitoe.

Namba hiyo mama hakuwa amempa mtu yeyote. Someni maelezo mliyonayo. Tapeli alimpigia kwa namba ya kawaida, muda mfupi baada ya malipo ya parachichi kuingia. Alimtaja majina yote matatu, akamwambia usajili wa laini yake una kasoro na itazimwa jioni ile. Akamwelekeza bonyeza hiki, bonyeza kile, andika “namba ya uhakiki”, ambayo ilikuwa namba ya simu ya tapeli mwenyewe, halafu “namba ya fomu” yenye tarakimu sita: 638500. Hicho ndicho kiasi kilichotoka, na karibu ndilo salio lote alilokuwa nalo. Majina, sawa, mtu yeyote akitaka kutuma hela kwenye namba ile atayaona. Salio alilijuaje? Hilo naomba mnijibu ninyi.

Na msiniulize kwa nini aliamini. Laini zilipokuwa zinakaribia kuzimwa Januari 2020, mama alihangaishwa na wakala wenu kwa sababu vidole vyake, vilivyochuma chai Rungwe miaka na miaka, vilikuwa havisomi kwenye mashine. Alipakwa mafuta, akafutwa, akaambiwa arudi kesho. Tangu hapo kitu anachokiogopa ni laini kuzimwa. Aliambiwa usumbufu ule wote ni kwa ajili ya usalama wake.

Basi na huyo mwizi naye alisajiliwa kwa kidole na NIDA. Mnalo jina lake. Tulipopiga 100, mtumishi wenu alituambia hela bado ipo kwenye laini ya aliyetumiwa, ila hawezi kuizuia bila RB. Tukakimbilia kituoni. Tunatoka na RB, hela imeshatolewa kwa wakala. Na makato ya muamala mliyachukua.

Nirudi kwenye kaunta, maana usingizi unanipaa kwa ajili ya pale. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alinisimulia vizuri zaidi. Kabla ya swali lile, mlinzi alimwinua mama yangu kwenye kiti, eti hicho ni cha wanaosubiri laini mpya. Mama sikio la kushoto halisikii sawasawa, akaomba arudiwe swali. Mhudumu akarudia kwa kupaza sauti. Mama, akijua anaongea na mtu wa ofisi, akataja tarakimu moja moja, taratibu, zote nne. Ni mwaka aliozaliwa kaka yangu, ambaye hatunaye tena. Meseji zenu zinatuonya tusimtajie mtu namba ya siri, hata mfanyakazi wenu. Mtu wa kwanza kuisikia namba ya mama yangu ni mfanyakazi wenu, na ndipo wakacheka.

Nilipoanza barua hii nilitaka mrudishe shilingi 638,500 pamoja na makato, na mumwombe mama radhi. Sasa nataka zaidi. Radhi iwe ya maandishi, na aliyemcheka aende Tukuyu akaitamke mbele yake, pamoja na mtu wa kumtafsiria Kinyakyusa. Picha za kamera iliyo juu ya kaunta zihifadhiwe, zisifutwe. Mwenye laini iliyopokea hela akabidhiwe polisi. Na mtueleze kwa maandishi ni mfanyakazi au wakala gani aliyefungua taarifa za mama siku ile.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, malalamiko yanakwenda TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na Benki Kuu ya Tanzania, na suala la salio nitalipeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2022 ipo na inawahusu. Namba ya tapeli tumeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli. Kikundi cha wakulima cha mama kinalipwa kupitia mtandao wenu. Wanachama wameshajua yaliyompata na kikao kinakuja. Nitakwenda na barua hii na majibu yenu, au niseme wazi kwamba hamkujibu, na nitawashauri wahame wote.

Wenu,
Mtoto wa mteja wenu
(Majina, namba na RB viko kwenye jalada mlilofungua)